Kurudi Mexico na Subaru Moja: Forza Horizon 5 Vumbi Likishatua

Fungua ramani ya Forza Horizon 5, gemu ya mbio za magari inayofanyika Mexico, baada ya miezi kadhaa bila kuigusa, utadhani mtu amemwaga mtama mezani. Alama za mbio, kamera za kasi, miruko, mbao za kuvunja, mabanda yaliyofichwa magari ya zamani, nyumba zinazouzwa. Kila moja inakuita. Anayerudi hufanya kosa lile lile. Anaanza kuziokota alama kuanzia iliyo karibu, anabadilisha gari kila dakika kumi kwa sababu gemu imemzawadia jingine, na jioni ya pili anaweka pedi chini akisema hakuna kipya. Kipo. Ila gemu yenyewe imekifunika kwa ukarimu wake.

Ushauri wa makala hii ni mmoja, na mengine yote yanauzunguka: rudi na gari moja, lijue hadi skrubu ya mwisho, na liache liichague njia. Kwa msomaji wa Kampala, Mbale au Mbarara gari lenyewe halihitaji mjadala mrefu. Ni Subaru. Nchi ambayo Charles Muhangi aliipa ubingwa wa mbio za magari wa Afrika mwaka 1999 haina haja ya kuelezwa kwa nini.

Kwanza tuweke tarehe mahali pake. Playground Games ya Uingereza iliitoa gemu hii 9 Novemba 2021 kwa Xbox na kompyuta, na ndani ya wiki moja ilikuwa imechezwa na watu zaidi ya milioni 10. Mwanzo ulikuwa na kasoro zake. Misafara ya marafiki ilikatika, wachezaji waliokuwa barabara moja hawakuonana, na kwenye kompyuta gemu ilikuwa ikizima yenyewe. Mengi ya hayo yalirekebishwa kwa masasisho. Toleo la PS5 lilikuja baadaye sana, 29 Aprili 2025, likiwa limeshapikwa likaiva. Aliyeanzia hapo hakuonja ubichi ule. Magari, yaliyoanza yakiwa zaidi ya 500, yamepita 800.

Sasa kuhusu kuirudisha kwenye mashine, maana hapo ndipo wengi wanapokwama kabla hata ya kuwasha injini. Kwenye PS5 hakuna diski. Gemu inapakuliwa tu, na pia inadai akaunti ya Microsoft uiunganishe na ya PlayStation kabla haijakuruhusu kuendelea, kwa hiyo tafuta neno lako la siri mapema. Mwenye kibanda cha gemu aliyezoea kununua diski na kuiuza tena akishachoka nayo ajue kwamba hapa anachonunua kinabaki kwenye akaunti, basi. Na kilichochezwa kwenye Xbox hakihamii PS5, kama ambavyo toleo la Steam na lile la duka la Microsoft hayagawani kumbukumbu hata yakiwa kwenye kompyuta moja.

Kwenye kompyuta, nafasi inayotakiwa ni GB 110. Piga hesabu kabla ya kununua bando: kwa intaneti inayokwenda megabiti 20 kwa sekunde bila kuyumba, mzigo huo ni saa 12 na dakika kadhaa, ikiwa ni 5, ni siku mbili mchana na usiku. Ni kazi ya kuachia usiku. Ukikatikiwa na umeme katikati, upakuaji huendelea ulipofikia, usiogope. La kuogopa ni umeme kukatika gemu inapohifadhi. Nafasi ya hatari ni pale unapotoka: gemu inaandika kwenye diski, kisha inapeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukizima ukutani kabla haijamaliza, siku inayofuata utaulizwa uchague kati ya nakala ya mashine na ya mtandaoni, na anayechagua haraka haraka hufuta kazi ya wiki nzima. Soma tarehe na saa ya kila nakala ndipo ubonyeze. UPS ndogo ya VA 650, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, inatosha kukupa dakika chache za kutoka kwa heshima. Isilaumiwe kwa kushindwa kukumalizia mbio.

Na kwa wanaohesabu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: konsoli inayokula wati 180 pamoja na televisheni ya wati 70 ni wati 250. Saa nne, uniti moja.

Kosa jingine la kompyuta ni diski ya zamani ya kuzunguka. Gemu inakuletea dunia kadiri unavyokimbia, na kwa kilomita 250 kwa saa diski hiyo inashindwa kuisukuma kwa wakati. Utaona onyo la kwamba mkondo wa data ni mdogo, kisha lami inageuka uji wa kijivu na nyumba zinachelewa kuota. Watu hushusha ubora wa picha wakidhani ni kadi ya michoro. Siyo. Hamishia gemu kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya bei ndogo, tatizo linaisha. Kadi ya chini inayotajwa na watengenezaji ni GTX 970 au RX 470 na RAM ya GB 8. Ukiwa na GTX 1070 na RAM ya GB 16 una raha. Ukisasisha dereva ya kadi, mara ya kwanza gemu itaandaa upya michoro yake kwa dakika kadhaa. Iache imalize. Anayeikatiza ndiye anayelalamika kwamba picha inashtukashtuka.

Kwenye konsoli kuna uchaguzi mmoja wa picha unaobadilisha kila kitu: ubora au kasi. Ubora ni fremu 30 kwa sekunde, kasi ni 60. Kwa kilomita 200 kwa saa gari linakwenda mita 55 na nusu kila sekunde, maana yake kwenye fremu 30 unaona barabara kila baada ya karibu mita 2, na kwenye 60 kila baada ya mita 1 kasoro. Kwenye murramu, ambako mkono unasahihisha usukani bila kupumzika, tofauti hiyo unaisikia kidoleni. Chagua kasi. Mandhari ya mji wa Guanajuato utayatazama ukiwa umepaki.

Pedi nayo ina neno. Pedi nyingi zinazozunguka mjini ni za mkono wa pili, na kijiti chake huvuta kushoto au kulia kidogo bila kuguswa. Ndani ya mipangilio ya juu ya udhibiti kuna kipimo cha eneo lisilosikia la usukani. Anzia sehemu ya ndani kwenye 5. Gari likiwa linajipinda lenyewe kwenye barabara iliyonyooka, panda moja moja hadi liache. Ukivuka 15 usukani unakuwa mzito kuanza halafu unaruka ghafla, na hapo dawa ni kijiti kipya kutoka kwa fundi, si mipangilio.

Misaada ya kuendesha izime kwa utaratibu, si yote kwa mkupuo. Mshale wa njia uache kwenye breki tu. Kinga ya kuteleza na ile ya kuyumba zizime zote mbili, kwa sababu kwenye vumbi zinakata nguvu pale pale unapoihitaji. ABS, inayozuia tairi zisifunge unapokanyaga breki, iache, hakuna tuzo ya ushujaa hapa. Gia weka za mkono bila klachi. Na kitufe cha kurudisha wakati nyuma, kile kinachokufutia kosa, kizime kabisa. Kikiwepo, kila kona inakuwa na nafasi ya pili, na kona yenye nafasi ya pili haifundishi breki. Malipo yanapanda kila unapozima msaada, lakini fedha si tatizo katika gemu hii. Kwa kweli ni kinyume chake.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, na miezi haikulipunguza. Gemu inagawa magari kama pipi. Unamaliza mbio moja, unapewa gurudumu la bahati. Unalizungusha, linatoka gari ambalo kwenye gemu nyingine ungelisotea mwezi. Gereji inajaa, hamu inaisha. Mtu ana Ferrari nne ambazo hajui zinavyokata kona. Njia ya kujikinga ni kujiwekea amri ambazo gemu haikuwekei: magurudumu ya bahati yaache yarundikane bila kuzungushwa, usinunue chochote kwenye mnada, na kila shilingi ya gemu iende kwenye gari lile moja. Amri hizi zikishikwa kwa wiki moja tu, ramani inapungua yenyewe. Alama zisizofaa gari lako unazipita bila kuzitazama, na kinachobaki ni barabara.

Gari, basi. Subaru Impreza WRX STi ya 2004, ipandishwe hadi daraja A, namba 800 kamili. Kwa aliyesahau, kila gari lina namba ya uwezo: D inaishia 500, C 600, B 700, A 800, S1 900, S2 998, na X ni 999. Kila kifaa unachofunga kinaipandisha namba hiyo, na ukiivuka kwa moja tu umeingia daraja la juu ukiwa gari dhaifu kuliko yote. Kwa hiyo ni kama kwenda sokoni na noti moja. Wengi huila noti kwenye injini. Wanapata Subaru inayofika kilomita 260 kwa saa kwenye njia isiyo na mahali pa kufikisha 200.

Mpangilio unaolipa ni huu. Anza na tairi za rali, maana mshiko ndio unaogeuka kuwa breki, kona na mwendo wa kuondokea kwa pamoja. Upana uache wa kiwandani, tairi pana zinakula namba na kwenye udongo hazirudishi kingi. Fuata na springi za rali, zinazokuruhusu kuinua gari na kurekebisha shokapu. Difu ya mashindano, ile inayogawa nguvu ya injini kati ya tairi, lazima, bila hiyo nusu ya maelezo yanayofuata hayana maana. Giaboksi ya daraja la kati inatosha kwa sababu inakuachia uwiano wa mwisho, na ya mashindano inakula namba kwa gia ambazo hutazigusa. Punguza uzito hatua moja au mbili. Kilichobaki kwenye noti, na kitabaki kidogo, ndicho cha injini: hewa, ekzosi, tabo (turbo inayosukumia injini hewa) kama inaingia. Ukijikuta kwenye 797 au 798, usifungue tena gari zima kutafuta pointi mbili. Hazionekani barabarani.

Sasa vipimo. Upepo wa tairi bar 1.5 hadi 1.6 mbele na nyuma. Kwenye lami ungeweka karibu 1.9, lakini kwenye udongo tairi laini inakumbatia mawe badala ya kuyarukia. Ukishuka chini ya hapo usukani unakuwa mvivu, unageuza na gari linawaza kwanza. Ulalo wa tairi, ule unaoitazamisha juu yake kwa ndani, weka nyuzi 1.0 mbele na 0.6 nyuma, upande wa hasi. Mwelekeo wa tairi kwenda mbele au pembeni uache sifuri.

Vyuma vinavyozuia bodi isilale, kipimo chake kinaanzia 1 hadi 65. Weka 12 mbele na 18 nyuma. Watu wa lami wataona hili ni ulegevu wa aibu. Lakini chuma hicho kinafunga tairi la kushoto na la kulia pamoja. Kikiwa kigumu, jiwe likiliinua moja linaliinua na mwenzake, na kwa sekunde ile hakuna tairi linaloshika. Kuwa kigumu zaidi nyuma kunasaidia mkia ugeuke, na Subaru bila kusaidiwa hupenda kwenda na pua yake moja kwa moja hadi kichakani. Urefu wa gari pandisha hadi karibu na mwisho. Springi zishushe, kama theluthi ya kipimo kutoka chini. Shokapu, ile ya kurudi baada ya kubonyea weka 7, na ile ya kubonyea yenyewe 3.5 au 4.

Namba hizi mbili za mwisho ndizo zinazowashinda watu, kwa hiyo zisikilize kwa masikio ya fundi wa Kisekka, soko la vipuri na mafundi la Kampala. Gari likitua kutoka kwenye mruko likaendelea kudunda mara mbili, tatu, ya kurudi iko chini, iongeze nusu. Likiwa halidundi lakini linatetemeka na kuhama pembeni kwenye njia iliyokunjamana kama ubao wa kufulia, ziko juu, hasa ya kubonyea, zipunguze. Likigonga tumbo chini kila linapotua, springi ni laini mno au gari liko chini. Dalili tatu, sababu tatu. Anayebadilisha zote kwa wakati mmoja hajui kilichomponya.

Difu ndiyo moyo. Mbele, wakati wa kukanyaga mafuta, asilimia 30. Wakati wa kuachia, 0. Nyuma 70 wakati wa kukanyaga, 20 wakati wa kuachia. Ya katikati asilimia 65 kwenda nyuma. Jaribu hivi: ingia kona ndefu ya vumbi kwa gia ya tatu, fika katikati, kanyaga nusu. Pua ikisukumwa nje, difu ya mbele inafunga tairi mbili zizunguke sawa wakati zinatakiwa kutofautiana. Ishushe hadi 25, au sogeza ya katikati kuwa 70. Mkia ukikupita, rudisha ya katikati kuwa 60 kabla hujagusa kingine. Uwiano wa mwisho wa gia uweke ili gia ya juu iishe kwenye njia ndefu kuliko zote za vumbi unazotumia. Kwa daraja hili ni kama kilomita 220 hadi 230 kwa saa. Gari lenye gia ndefu kuliko hapo linapanda mlima likikohoa.

Badilisha kitu kimoja, zunguka mara mbili, hifadhi kwa jina linalosema ulichofanya. "Vumbi 800, difu 65" ni jina. "Subaru ya moto" si jina. Anayetaka kuona anachokisikia, kwenye kompyuta herufi T inafungua vipimo vya gari likiwa linakwenda: joto la tairi, safari ya springi, msuguano wa kila gurudumu. Gemu pia inaweza kutuma vipimo hivyo kupitia mtandao wa nyumbani kwenda kwenye simu yenye programu ya kuvisoma, ukiiandikia anwani ya IP ya simu na namba ya poti. Ni kitu cha kuchezea, lakini springi inayogonga mwisho kila mruko inaonekana pale waziwazi.

Kisha kona. Chukua moja tu, ya kushoto, inayoteremka, udongo mlegevu juu ya udongo mgumu, aina ile ambayo kila aliyepanda boda kijijini anaijua kwa magoti. Unakuja na kilomita 140 kwa saa, gia ya nne. Breki ishike gari likiwa limenyooka, mapema kuliko macho yanavyokuambia, kwa sababu udongo mlegevu unaviringika chini ya tairi kama maharage. Shusha hadi ya tatu. Hapa ndipo tofauti ilipo: usiachie breki yote. Bakiza robo ya kidole huku ukianza kugeuza. Uzito umekaa mbele, nyuma ni nyepesi, mkia unaanza kutoka wenyewe. Achia breki, rudisha usukani kidogo upande wa pili, na kabla hujafika ndani kabisa ya kona kanyaga mafuta nusu. Nusu. Subaru itajivuta kwa miguu minne na kutoka ikiwa imenyooka. Anayekanyaga yote anapelekwa nje na pua. Anayevuta breki ya mkono anageuka vizuri sana, anapendeza, na amepoteza kilomita 40 kwa saa ambazo magari mengine hayakupoteza.

Gemu inafanya udongo wake vizuri kuliko nyingi. Inajua tofauti ya vumbi kavu, matope na changarawe, na majira yanaibadilisha njia ile ile. Kila Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu, majira yanageuka: mvua, dhoruba, ukavu, joto, wiki moja moja, kisha mzunguko unaanza upya. Gari la wiki ya ukavu linahitaji kubembelezwa wiki ya mvua. Punguza ya kuachia kwenye difu ya nyuma hadi 10, na usiguse kingine mpaka umezunguka. Kazi za wiki zina pointi. 20 zinakupa gari moja, 40 la pili, na za majira yote manne zikijumlishwa hadi 80 na 160 kuna mengine. Kwa mwenye amri ya gari moja magari haya ni ya kumwonyesha mgeni. Zifanye kazi zinazokubali Subaru ya daraja A, zilizobaki ziache zipite, hakuna polisi.

Jambo dogo linalowasumbua madereva wa huku: Mexico wanaendesha kulia. Mkono wa Mganda, gari linapotokea mbele ghafla, unavuta kushoto, na kushoto ndiko linakotoka lori. Kwenye mbio za udongo haidhuru, magari ya raia ni machache. Kwenye barabara kuu inakugharimu. Wanaopenda kuona kutoka ndani ya gari watafute Impreza 22B ya 1998, iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ikiwa na usukani kulia kama magari yetu. Macho yanatulia ingawa barabara bado ni ya wenyeji.

Mtandaoni, pima kwanza ucheleweshaji. Ukiwa milisekunde 200, gari la mpinzani linalokwenda kilomita 200 kwa saa liko mita 11 mbele ya pale unapoliona, yaani Subaru mbili na nusu zikiwa zimepangwa. Unadhani umempita kwa ndani. Kwake umemgonga ubavuni. Ndiyo maana mbio za wazi dhidi ya wageni ni mahali pa matusi. Kinachofaa ni The Trial, wachezaji 6 dhidi ya madereva 6 wa kompyuta, mbili kati ya tatu. Pointi zinajumlishwa kwa timu, hivyo anayemsukuma mwenzake ili awe wa kwanza anaipunguzia timu, na wapo wasiolielewa hilo hadi leo. Ukiwa na gari linaloshika, kaa wa pili au wa tatu, waweke madereva wa kompyuta nyuma yako, na timu inashinda. Intaneti ikiwa mbaya kabisa, washa Horizon Solo na usahau wengine wapo.

Madereva wa kompyuta wenyewe bado wana tabia ya zamani. Ukiwapandisha ngazi za juu, mmoja anatoroka na wengine wanabaki kufunga njia. Kona ya kwanza ya mbio za udongo huwa ni stendi ya teksi saa ya mvua. Usiingie katikati, breki mapema, pita nje, utaokota wanne bila kuguswa. Ngazi ya wataalamu inatosha kwa Subaru iliyopangwa vizuri. Ya juu kabisa inakulazimisha kutumia gari la aina fulani, na hapo amri ya gari moja inakufa.

Kati ya nyongeza mbili za kulipia, ya Hot Wheels, ya Julai 2022, ni ya watoto na wapenda njia za plastiki angani. Imetengenezwa kwa ustadi, na Subaru yetu haina kazi huko. Rally Adventure ya 29 Machi 2023 ndiyo inayostahili fedha. Ina eneo lake, Sierra Nueva, na mbio za kukimbizana na saa huku msaidizi akikusomea kona kabla hujaziona. Kwa aliyesimama kando ya njia ya Pearl of Africa Rally, rali ya Uganda, akimeza vumbi, kuna kifaa kimoja kitakachomfanya aongeze sauti: mfumo unaoifanya tabo izunguke hata mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Mafuta yanaungulia kwenye ekzosi, ndiyo milio ile kama risasi gari linapoingia kona. Faida yake si mlio. Tabo isiyolala inakupa nguvu mara unapokanyaga, na katika kona za kushuka zinazofuatana hiyo ni sehemu ya sekunde kila kona. Ikiongezwa, punguza difu ya mbele kwa asilimia 3 hadi 5, kwa kuwa nguvu sasa inakuja mapema na pua itaanza tena kukimbilia nje.

Msikilize msaidizi. Anasoma kona inayofuata ukiwa bado kwenye hii, na anayengoja kuiona kwa macho amechelewa breki. Zima mshale wa njia kabisa ukiwa huko. Viwili hivyo haviendi pamoja, jicho linafuata mshale na sikio linalala.

Kuhusu muda wa kununua: Forza Horizon 4 iliondolewa madukani 15 Desemba 2024, leseni za magari na muziki zilipofika mwisho. Waliokuwa nayo wanaendelea kuicheza, wasiokuwa nayo hawaipati. Inayofuata, ya sita, ilitangazwa Septemba 2025 na inafanyika Japani. Hii ya Mexico nayo ina leseni zake. Bei ikishuka kwenye punguzo la msimu, chukua gemu na Rally Adventure, iache Hot Wheels, na upakuaji uanze usiku ukiwa umeshalipia Yaka ya kutosha hadi asubuhi.